Bi Shazia na Waipa Zilizokataa Mlima

Mvua iliwakuta katikati ya mlima, na waipa zikalala.

Hazikuvunjika wala hazikung'oka. Zilipanda nusu ya kioo, zikatetemeka kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni, halafu zikatulia pale pale, mbili sambamba, maji yakizipita juu. Mzee Breki alikanyaga mafuta ili gari lipande, na kadiri alivyokanyaga ndivyo waipa zilivyozidi kulala. Akaondoa mguu. Waipa zikaamka, zikafuta mara mbili tatu, swii, swii, lakini gari nalo likaishiwa nguvu, likawa kama linataka kurudi lilikotoka. Akakanyaga tena. Gari likapanda, waipa zikalala.

"Sasa uamue," alisema mkewe aliyekaa pembeni, mkoba wa vifaa mapajani. "Unataka kuona au unataka kufika?"

"Vyote viwili, Mama Watoto."

"Basi kwa leo huna hata kimoja."

Mke huyu ndiye watu waliyemwita Bi Shazia. Shazia ni ile sindano nene ya kushonea magunia na ngozi ngumu, na jina lilimganda kwa sababu mbili. Kwanza alikuwa fundi viatu, na sindano hiyo haikumtoka mkononi. Pili ni ulimi wake: aliposema neno, lilipenya likatokea upande wa pili. Lakini waliomfahamu vizuri walijua kwamba sindano ikishatoboa huvuta uzi nyuma yake, na palipotoboka pakashonwa.

Alifungua mkoba akatoa kibonge cha uzi wa soli, ule uliopakwa nta. Akashuka mvuani, akafunga uzi mmoja kwenye waipa ya kulia akaupitisha dirisha la mumewe, akafunga mwingine kwenye waipa ya kushoto akaupitisha dirisha lake. Akarudi ndani akitiririka maji.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Ukivuta wewe, mimi naachia. Nikivuta mimi, wewe uachie. Haya!"

Wakapanda mlima hivyo. Vuta, achia, vuta, achia, Mzee Breki akiendesha kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine. Watu waliojibanza chini ya baraza la duka moja walisahau mvua wakaanza kupiga makofi. "Mzee," mmoja alipaza sauti, "farasi wako mmoja anachechemea!"

Bi Shazia alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Mumewe naye alicheka, lakini alicheka kwa meno tu. Bi Shazia alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na minne, na alizijua cheko zake zote kama alivyojua aina za ngozi. Hii ya leo ilikuwa ngumu, haina mafuta.

*

Bi Shazia alizaliwa chini ya meza ya viatu, au ndivyo alivyopenda kusema. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyejaliwa mabinti watano. Wanne walikimbia harufu ya gundi. Huyu wa tatu akaifuata. Akiwa na miaka saba alipaka uzi nta. Akiwa na kumi na miwili alishona soli nzima. Baba aliogopa wateja wangekataa viatu vilivyoshonwa na msichana, kwa hiyo kwa miaka miwili binti alishona nyuma ya pazia na baba akakabidhi mbele. Mpaka siku moja mwalimu mmoja, mteja wa miaka mingi, akageuza kiatu chake mkononi na kusema, "Mzee, mkono wako umezidi kuwa mzuri. Wengine huzeeka, wewe unarudi ujanani."

Baba hakuweza kumeza sifa isiyo yake. Alivuta pazia, akamwonyesha binti aliyekuwa ameshika msharasi, uma wa kutobolea ngozi, mdomo wazi. "Mkono wenyewe ni huu hapa," alisema. "Mimi siku hizi napokea tu."

Tangu siku hiyo pazia lilifungwa pembeni, na baba alipofariki chumba kikawa cha Bi Shazia: mlango mmoja, meza moja, na dirisha la chini linalotazama njia ya miguu. Kutoka kiti chake aliona watu kuanzia magotini kushuka. Aliwajua kwa nyayo kabla hajawajua kwa sura.

Ndivyo alivyompata mumewe. Kijana mmoja dereva alileta jozi ya viatu; cha kulia kimeisha soli, cha kushoto kizima kama kimetoka dukani jana.

"Wewe una mguu mmoja?" Bi Shazia alimwuliza.

"Miwili. Ila mmoja ndio wenye kazi. Mafuta yake, breki yake."

Alikishona. Wiki iliyofuata kijana akarudi na kiatu kile kile, uzi umekatika. Akakishona tena. Wiki ya tatu akarudi. Safari hii Bi Shazia alikiinua kwenye mwanga, akautazama uzi, kisha akamtazama mwenye kiatu.

"Uzi wangu haukatiki hivi. Huu umekatwa kwa wembe."

Kijana alitazama sakafu, dari, na mlango. "Nilikosa sababu nyingine ya kuja," alisema.

Walioana kabla ya mwaka kwisha.

Jina la Breki alilipata kazini. Alimwendesha daktari mmoja mzee, na daktari alipenda kuandika ndani ya gari. Breki alijifunza kusimamisha gari polepole mno hata kalamu isiruke mstari. Gari lenyewe lilikuwa na mgongo wa mviringo kama kobe, rangi ya maziwa, na taa mbili za mbele kama macho ya mtu aliyeshtuliwa. Daktari alipofariki lilifunikwa turubai miaka ishirini. Siku Breki alipostaafu, binti wa daktari alimwita, akavuta turubai, akasema, "Wewe ndiye uliyelijua. Lichukue."

Alilifufua kwa miaka miwili. Breki mpya, rejeta mpya, kabureta lililosafishwa mpaka likang'aa. Bi Shazia alishona viti vyote upya kwa mkono, mshono mara mbili. Kitu kimoja tu kilikataa kufufuka, nacho ni waipa.

Waipa za gari lile hazikuwa na umeme. Zilivutwa na pumzi ya injini yenyewe. Palikuwa na mpira mwembamba uliotoka kwenye injini mpaka kwenye kijisanduku cha chuma chini ya kioo, na injini ilipovuta hewa, kijisanduku kiliyumbisha waipa. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, injini huvuta kwa nguvu na waipa hukimbia. Akikanyaga, mvuto hupungua na waipa huchoka. Ndivyo zilivyoumbwa. Lakini Mzee Breki alikumbuka kwamba enzi za daktari zilichoka tu, hazikulala.

*

Jumapili ndipo walipopanda mlima kwa nyuzi. Jumanne asubuhi simu ikalia.

Alikuwa kitinda mimba wao, mwalimu wa shule moja ng'ambo ya mlima. Alikuwa ameolewa miaka tisa bila mtoto, miaka tisa ya watu kumwuliza kwa mdomo na wengine kwa macho, na mama yake akiwajibu wote kwa sindano yake. Mimba ilipoingia hawakumwambia mtu mpaka tumbo lilipojisema lenyewe.

Bi Shazia alisikiliza, akakaa chini sakafuni palepale, akamnyooshea mumewe simu.

"Baba," sauti ya binti ilisema, imechoka na imejaa, "ni msichana. Mzima. Ana mashavu ya shangazi. Wanaturuhusu Jumamosi. Mume wangu ana pikipiki tu, na mtoto wa siku nne hapandi pikipiki. Baba, uje na gari la daktari, utuchukue tuje kukaa kwa Mama."

"Nakuja nalo," alisema Mzee Breki bila kufikiri. "Nakuja nalo, mwanangu. Hata liwe la kusukuma."

Alipokata simu alicheza. Mtu mzima mwenye mvi alicheza katikati ya chumba cha viatu, akamshika mkewe mkono akamwinua, wakazunguka meza, kopo la misumari likaanguka na hakuna aliyeliokota. Kisha akafika dirishani, akaona wingu lilivyokaa juu ya mlima, na miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe.

"Tunaweza kukodi teksi," alisema polepole.

"Umeahidi gari la daktari."

"Nimeahidi. Lakini siwezi kumpandisha mtoto mchanga mlima ule huku nimefumba macho."

Bi Shazia alipiga magoti sakafuni. Aliokota misumari mmoja mmoja, na kila aliouokota ulizidi kumpa hasira na kile kijisanduku cha chuma chini ya kioo.

Alasiri alikwenda gereji ya pembe ya mtaa, kwa Fundi Spana. Alikuwa kijana hodari, mwenye mikono myeusi na moyo mweupe, ila alipenda vitu vipya kuliko alivyopenda usingizi.

"Mama, zile ni waipa za kupumua," alimwambia. "Dunia ya leo ni ya umeme. Tung'oe kile kidude, tuweke mota ya kisasa. Tunatoboa hapa, tunatoboa hapa, tunatoboa na hapa, kwisha."

"Ulishamwambia mzee?"

"Nilimwambia mwaka jana. Alinitazama kama ninataka kumtoboa yeye."

"Na kidude chenyewe, umewahi kukifungua?"

"Nilikiosha kwa petroli. Siku ya kwanza kilifanya kazi kama malaika."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili kikarudi kuwa mwanadamu."

Bi Shazia alicheka. "Kifungue kwenye gari, unipe."

"Wewe? Mama yangu, fundi viatu na mota wapi na wapi?"

"Hapo hapo kwenye wapi na wapi ndipo nataka kupaona, mwanangu. Nipe."

*

Alhamisi asubuhi kidude kilikuwa juu ya meza yake, kati ya kisigino cha mtu na mkanda wa shule. Kilikuwa na umbo la nusu mwezi, ukubwa wa kiganja. Bi Shazia alilegeza skrubu kwa bisibisi, akazipanga kwenye kisosi kwa mpangilio wa kutoka, akabandua kifuniko.

Ndani mlikuwa na kipande cha chuma bapa, kilichotakiwa kuyumba huku na huku kama mlango usio na kitasa. Hewa ikivutwa upande huu, kinakuja huku. Ikivutwa upande ule, kinakwenda kule. Nacho ndicho kinachozungusha waipa. Na pembezoni mwa chuma hicho, kote kote, ili hewa isipenye, palikuwa na ukingo wa ngozi.

Ngozi! Bi Shazia aliigusa kwa kidole gumba. Ilikuwa imekauka, imejikunja kwa ndani kama jani la mwaka jana. Upande mmoja ulikuwa na ufa.

Alicheka peke yake kwa sauti mpaka mpita njia akachungulia dirishani.

"Kumbe ni wewe," aliiambia ile ngozi. "Miaka yote hii umefungiwa humu bila tone la mafuta, halafu mtu anakuja kukuosha kwa petroli! Hata kiatu cha adui yangu sikioshi kwa petroli."

Baba yake alikuwa akisema kwamba ngozi haiuawi na uzee, kinachoiua ni kiu. Bi Shazia alimimina mafuta ya nyonyo kwenye bakuli, akaliweka bakuli juu ya maji ya moto, akaitumbukiza ngozi humo. Kufikia mchana ilikuwa imelainika na kufunguka. Ila ule ufa ulibaki ufa. Basi akachukua kipande cha ngozi ya mbuzi, akakikata kwa kufuata umbo la ile ya zamani, akakilowesha mafuta, akakifunga mahali pake, akarudisha kifuniko. Akaweka mdomo kwenye kijibomba, akavuta pumzi.

Hakuna kilichosogea. Akavuta tena mpaka macho yakamtoka. Kimya.

Wakati huo aliingia wifi yake, dada mkubwa wa Breki, ambaye aliuza sufuria na mabakuli sokoni na kuita wateja bila kipaza sauti, tena wakasikia mpaka wa mtaa wa pili. Alimkuta Bi Shazia amevimba mashavu, mdomo umeng'ang'ania chuma.

"Wifi, mambo gani haya? Umekosa chai?"

"Nyamaza nifikiri."

"Nikinyamaza mimi utafikiri nimekufa."

Bi Shazia alifungua tena kifuniko. Kosa lilikuwa wazi na lilikuwa la kwake. Alikata ngozi kama ya kiatu: nene, ya kuvumilia mawe. Lakini huyu hakuwa anakwenda kukanyaga mawe, alitakiwa kuteleza juu ya chuma laini. Aliionea aibu ile ngozi nene kidogo, kisha akachukua kisu cha kuparia. Alipara ukingo kwa saa nzima, unyevu wa mafuta ukimtiririka kwenye vidole, akipara na kuutazama kwenye mwanga, akipara na kuutazama, mpaka ukingo ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Hata wifi, kwa mara ya kwanza tangu afahamike, alikaa kimya na kuangalia.

"Sasa njoo," Bi Shazia alisema baada ya kukaza skrubu ya mwisho. "Mimi sina pumzi. Wewe Mungu alikujalia ya ziada. Vuta hapa."

"Nivute chuma?"

"Vuta kama unataka kumwita mteja anayekimbia."

Wifi alifuta kijibomba kwa ncha ya nguo yake, akaweka mdomo, akavuta. Mkono wa kidude uliruka upande wa pili, ukapiga kopo la misumari, kopo likaruka, misumari ikamwagika mpaka mlangoni.

Wifi alikitupa mezani. "Mama weee! Nimekikosea nini?"

Lakini Bi Shazia alikuwa amemkumbatia, anamrusharusha, mikono yake ya mafuta ikiacha alama mgongoni kwa wifi. "Kinapumua! Wifi, kinapumua!"

Walivuta kwa zamu jioni ile mpaka kichwa kikawauma, kila mmoja akidai kwake kimekwenda kasi zaidi.

*

Ijumaa kidude kilirudishwa kwenye gari. Mzee Breki aliwasha injini, Fundi Spana akasimama kando na mikono kifuani, na wifi akasimama mbele na ndoo ya maji, maana alikuwa amejipa kazi ya kuwa mvua.

Breki akafungua waipa. Zikapanda. Zikashuka. Lakini zilikwenda kwa uvivu, kama mtu anayefagia uwanja asioupenda.

"Si mbaya," alisema Breki, kwa sauti ya mtu anayemsifu mpishi kwa chakula kibichi.

Bi Shazia aliinama akachungulia chini ya kioo. Kidude kilipumua kwa mapafu ya mwanamke mzee; iweje kishindwe kwa mapafu ya injini nzima? Aliegemea boneti.

Ni Fundi Spana aliyekunjua mikono. Aliinama, akageuza sikio kuelekea injini, akafumba macho. "Zimeni redio ile ya jirani," alisema. Ilipozimwa, akapitisha kidole polepole juu ya ule mpira mwembamba, kuanzia kwenye kioo kushuka, kama mtu anayesoma maandishi madogo kabisa. Karibu na injini alisimama, akabonyeza. Waipa zikashtuka, zikaenda mbio. Akaachia. Zikachoka.

"Hapa," alisema. "Umepasuka kwa chini. Unavuta hewa ya nje." Kisha, akamtazama Bi Shazia usoni: "Mimi niliosha kidude kwa petroli na sikuwahi kupapasa mpira. Samahani, mama. Kazi yako ilikuwa sawa."

"Na sikio lako ni sawa, mwanangu. Ngoja nione na mkono wako."

Fundi Spana alikimbia gerejini akarudi na mpira mpya mnene, akaukata, akauvika, akaukaza kwa vibanio. Breki akafungua waipa.

Swii! Swii! Swii! Zilikwenda kwa juhudi hata gari lenyewe likawa linatikisika kidogo. Fundi Spana alipiga ukelele. Wifi, kwa furaha, alikumbuka kwamba yeye ni mvua, akarusha ndoo nzima. Nusu ilipiga kioo na nusu ikaingia dirishani, ikamkuta kaka yake amekaa anacheka.

Safari hii hakucheka kwa meno tu. Alikaa pale maji yakimdondoka puani, akicheka kwa mwili mzima, mkono mmoja ukipapasa usukani.

"Dada," alisema alipopata pumzi, "mvua hainyeshi ndani ya gari."

"Hii imenyesha," alijibu dada yake.

*

Jumamosi mvua ilianza walipofika chini ya mlima, kana kwamba ilikuwa inawasubiri. Wifi alikaa nyuma, na kifurushi cha nguo za mtoto kilichomziba mpaka kidevu. Bi Shazia alikaa mbele. Hakuwa na uzi mkobani, aliuacha makusudi.

Breki alikanyaga mafuta. Gari likainama kuupokea mlima, likaunguruma. Waipa zikapunguza kasi. Bi Shazia alikaza mikono. Zikapunguza tena, zikawa zinakwenda taratibu kama mabibi wawili wanaotoka kwenye sherehe, lakini zilikwenda. Zilifuta, zikarudi, zikafuta. Kwenye kona kali kuliko zote Breki aliinua mguu kidogo tu, zikapata nguvu, akakanyaga tena. Barabara ilionekana. Miti ilionekana. Mtu aliyejifunika gunia pembeni ya njia alionekana, na Breki akampigia honi ya salamu.

Wakafika kileleni. Hapo Mzee Breki akaanza kupiga mbinja.

Hospitalini, ng'ambo ya mlima, binti yao aliwangoja barazani, mumewe pembeni na kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa amekonda uso na kunenepa macho. Alimkabidhi baba yake mtoto, na mzee akampokea kwa utulivu ule ule aliokuwa nao alipomwendesha daktari, bila mtikiso. Wifi, shangazi mtu, alitazama mashavu, akatangaza kwa kipaza sauti chake cha asili kwamba kweli ni yake, na wauguzi wawili wakatoka kutazama kuna nini.

Bi Shazia alifunua kitambaa upande wa chini. Hakutazama uso kwanza. Alitazama miguu, mazoea ni mazoea. Nyayo mbili nyekundu, zimekunjamana. Alipima mmoja kwa kidole gumba.

"Kidole kimoja na robo," alimwambia binti yake. "Sijawahi kushona kiatu kidogo hivi. Mwanangu, miaka tisa nimeweka kipande cha ngozi laini kabatini. Sikukuambia."

"Nilijua, Mama," binti alisema. "Nilikiona. Sikukuambia."

Walishikana hapo barazani kwa muda, na mvua ikaendelea na shughuli zake.

Kurudi walipanda tena mpaka kileleni, kisha wakashuka kuelekea nyumbani. Na kushuka, Breki aliondoa mguu kabisa kwenye mafuta, akaiacha injini ilizuie gari. Injini ikavuta hewa kwa nguvu zake zote, na waipa zikapata wazimu. Zilipiga huku na huku kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Kioo kikawa kikavu kuliko siku ya jua.

"Baba, zimepatwa na nini?" binti aliuliza toka nyuma, mtoto kifuani.

"Zimemwona mjukuu!" shangazi alijibu.

Wakacheka wote, gari zima, mkwe akiwafuata nyuma na pikipiki amelowa chapachapa bila kujua wanachekea nini. Mtoto alifungua macho, akazitazama zile fimbo mbili zinazocheza, akapiga chafya, akalala.

*

Jumatatu Bi Shazia alikuwa amekaa mezani, ngozi laini ikiwa imekatwa vipande viwili vidogo kama majani ya chai, wakati kivuli kilipoziba mlango. Alikuwa Fundi Spana, amekumbatia pampu ya kisima ya zamani iliyoota kutu, pampu ya mkono ya shule moja ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa?"

"Walimu wanasema haivuti maji. Nilitaka kuwaambia wanunue ya umeme." Aliiweka sakafuni kwa uangalifu, akajikuna shingo. "Halafu nikaifungua kwanza. Ndani kuna kitu kama sahani ndogo, kimekauka. Nadhani ni ngozi."

Bi Shazia aliweka viatu vya mjukuu kando, akajifuta mikono, akavuta kiti cha pili.

"Hukukiosha kwa petroli?"

"Sikukigusa hata kwa maji."

"Basi kaa hapa," alisema. "Mafuta ya nyonyo yako kwenye ile chupa nyuma yako. Weka maji jikoni, tuanze."